Jenerali de Gaulle na Rafiki Zake

Charles de Gaulle alizaliwa mjini Lille, kaskazini ya Ufaransa, tarehe 22 Novemba, 1890. Baba yake alikuwa mwalimu, lakini yeye alichagua uaskari. Mwaka 1916 alitekwa na Wajerumani huko Verdun. Alijaribu kutoroka mara tano, na kila mara akakamatwa.

Mwezi wa Juni, 1940, Ufaransa ilishindwa na Ujerumani. De Gaulle alikimbilia London, akawaita Wafaransa waendelee kupigana. Mji mkuu wake ukawa Brazzaville, huku Afrika, na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Waingereza walimpa makao na fedha, lakini katika mashauri makubwa aliachwa nje. Habari za majeshi kushuka Normandy, pwani ya nchi yake mwenyewe, aliambiwa tarehe 4 Juni, 1944, siku mbili tu kabla. Mwaka 1945 hakualikwa Yalta. Mambo hayo hakuyasahau.

Mwaka 1949 mataifa 12, Ufaransa ikiwamo, yalifanya mapatano ya kujihami pamoja, yaani NATO. De Gaulle aliporudi kutawala mwaka 1958, aliona kuwa amri ya majeshi imo mikononi mwa Marekani. Akataka Marekani, Uingereza na Ufaransa ziongoze pamoja, hakukubaliwa. Mwaka 1959 akaziondoa manowari zake za Mediterania katika amri ya NATO. Mwaka 1966 akayatoa majeshi yote, akawataka askari wa kigeni waondoke nchini. Makao makuu yakahamia Ubelgiji mwaka 1967.

Wengi walimwona hana shukrani, maana Wamarekani wengi wamezikwa katika udongo wa Ufaransa. Lakini mapatano yenyewe hakuyavunja, na katika hatari ya Cuba, mwaka 1962, alisimama upande wa Marekani bila kusita.

Hata hivyo alikuwa na kosa. Mwaka 1960 alilipua bomu la atomiki katika jangwa la Sahara, ingawa Ghana na Morocco zilipinga. Yeye aliyechukia kutoulizwa hakuwauliza Waafrika.

Alijiuzulu mwaka 1969, akafa tarehe 9 Novemba, 1970. Ufaransa ilirudi katika amri ya NATO mwaka 2009.

Wenzangu, twaambiwa kila siku kwamba umoja ni nguvu, na ni kweli. Lakini umoja hudumu pale kila mmoja anapoulizwa shauri lake, mkubwa kwa mdogo.