Aliyetufungulia Makaburi ya Mashahidi

Mwezi huu tumkumbuke Giovanni Battista de Rossi, ambaye kwa kazi yake twajua vizuri zaidi jinsi Wakristo wa kwanza wa Roma walivyowazika wafu wao.

Alizaliwa Roma mwaka 1822. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa kwenye katakombi, yaani makaburi yaliyochimbwa chini ya ardhi nje ya kuta za mji. Njia za humo ni nyembamba na zina giza. Katika kuta zake mmechongwa nafasi ndefu, moja juu ya nyingine kama rafu. Kila nafasi huitwa lokuli, na ndimo maiti alimolazwa. Chumba kidogo cha kuzikia jamaa huitwa kubikula. Kaburi lenye tao juu yake huitwa arkosolio.

Kufikia karne ya 9 mifupa mingi ya mashahidi ilikuwa imehamishiwa makanisani mjini, na katakombi nyingi zikasahauliwa. Wataalamu wa siku za de Rossi walidhani katakombi ya Kalisto iko chini ya kanisa la Mtakatifu Sebastiano. Yeye alikataa, kwa kuwa alikuwa amesoma miongozo ya mahujaji ya karne ya 7, nayo ilionyesha mahali pengine.

Mwaka 1849, katika shamba la mizabibu kando ya Njia ya Appia, aliona kipande cha marumaru chenye mwisho wa jina la mtu na neno shahidi. Akatambua kuwa ni Kornelio, askofu wa Roma aliyefia uhamishoni mwaka 253. Akamsihi Papa Pius IX anunue shamba lile, naye akanunua. Mwaka 1852 wachimbaji walilifikia kaburi lenyewe, na humo mlikuwa na sehemu iliyobaki ya jiwe lile. Mwaka 1854 kikapatikana chumba walimozikwa maaskofu wa Roma wa karne ya 3, akiwamo Fabiano aliyeuawa mwaka 250.

Katika kuta za katakombi mna freski, yaani picha zilizochorwa kwa rangi juu ya lipu mbichi. Kuna Mchungaji Mwema na kondoo mabegani, Yona na samaki, Danieli kati ya simba, na orante, yaani mtu anayesali ameinua mikono. Ndugu, watu wale walijua mateso, lakini makaburini mwao hawakuchora mateso. Walichora wokovu.

De Rossi alifariki mwaka 1894, baada ya kuandika vitabu vikubwa juu ya katakombi.

Nasi tujiulize: ni makaburi mangapi ya wazee wetu yamebaki bila jina? Jina la Kornelio lilirudi kwa sababu mtu fulani alilichonga kwenye jiwe. Basi tuyaandike majina ya wafu wetu, ili wajukuu wetu wawajue waliowatangulia katika imani.