Kupatana kwa Dickens na Thackeray

Charles Dickens, mtunzi mashuhuri wa hadithi wa zama za Malkia Victoria, alizaliwa Portsmouth, Uingereza, tarehe 7 Februari 1812. Mwaka 1824 baba yake alifungwa London kwa ajili ya deni, naye mtoto, umri wake miaka 12, alifanya kazi ya kubandika karatasi juu ya vyombo vya dawa ya viatu. Hata alipopata sifa na mali hakuwasahau maskini. Hadithi zake zimejaa habari zao.

Rafiki zake walikuwa wengi, lakini twataka kusimulia habari za mmoja, William Thackeray, mtunzi aliyezaliwa Calcutta, Bara Hindi, mwaka 1811.

Mwaka 1858 kijana mmoja, Edmund Yates, aliandika gazetini maneno ya kumdharau Thackeray. Wote watatu walikuwa wa chama kimoja, Garrick Club. Thackeray akamshitaki Yates mbele ya chama, Dickens akamtetea, na mwisho Yates akafukuzwa. Mwaka ule ule Dickens aliachana na mkewe Catherine, mama wa watoto wake 10, na maneno ya watu yakazidi kumtia uchungu. Wala hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Basi wawili hao, waliokuwa wakila pamoja, wakawa hawasemezani kwa miaka kama 5.

Mwaka 1863 walikutana London katika nyumba ya chama kingine, Athenaeum. Wakapitana kimya. Kisha Thackeray akageuka, akamfuata mwenzake, akamnyoshea mkono, Dickens akaupokea. Hapakuwa na baraza la kuamua nani mwenye haki.

Tarehe 24 Desemba mwaka huo Thackeray alikutwa amekufa kitandani, umri wake miaka 52. Dickens akasimama penye kaburi lake huko Kensal Green, kisha akaandika habari zake kwa heshima. Yeye naye alifariki tarehe 9 Juni 1870, akazikwa Westminster Abbey.

Twajiuliza: mkono ule usingalinyoshwa, Dickens angalisimamaje kaburini pale? Hata katika sharika zetu wako ndugu wapitanao mlangoni pa kanisa bila kuamkiana, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze. Ndugu msomaji, anza wewe, maana hesabu ya siku zetu hatuijui.