Rudolf Diesel, Mtu wa Barafu na Moto

Wakati wa mavuno ya kahawa, malori hupita katika barabara ya Maruku yakichukua magunia ya buni mpaka Bukoba. Injini za malori hayo huitwa dizeli, na mafuta yake huitwa dizeli vile vile. Wengi hudhani kwamba hilo ni jina la mafuta tu. Kumbe ni jina la mtu, naye hakutaka injini yake itegemee mafuta ya namna moja peke yake.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, na jamaa hiyo ikalazimika kukimbilia London. Maisha yalikuwa magumu. Basi Rudolf, mtoto wa miaka 12, akatumwa peke yake kwa jamaa zake katika mji wa Augsburg, Ujerumani, apate kusoma. Alijifunza kwa bidii, na baadaye akaingia katika chuo kikuu cha ufundi cha Munich.

Huko mwalimu wake alikuwa Carl von Linde, aliyekuwa amevumbua mtambo wa kufanyiza baridi. Siri ya mtambo ule si ngumu. Mtu ajazaye upepo katika gurudumu la baisikeli akigusa pampu yake, huiona ina moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Nayo gesi iliyobanwa, ikiisha kuondolewa joto lake na kuachiliwa itanuke, huwa baridi. Linde alitumia gesi ya amonia kwa njia hiyo, hata maji yakaganda yakawa barafu.

Siku moja Linde alifundisha kwamba mtambo wa mvuke hutumia sehemu 6 mpaka 10 tu katika kila sehemu 100 za joto la makaa, na zilizobaki hupotea bure. Maneno hayo yalimchoma Diesel moyoni. Tangu siku hiyo alitamani kuunda injini isiyopoteza joto hivyo. Tena alitaka iweze kuundwa ndogo, ili fundi mwenye karakana yake aweze kuinunua asishindwe na matajiri wenye viwanda vikubwa.

Alipomaliza masomo mwaka 1880 alirudi Paris, akafanya kazi katika kiwanda cha barafu cha Linde. Kwa miaka mingi riziki yake ilitoka katika barafu, lakini fikira zake zilikuwa katika moto. Aliwaza hivi: ikiwa hewa hupata joto kwa kubanwa, basi ikibanwa kwa nguvu nyingi sana itaweza kuwasha mafuta pasipo cheche.

Mwaka 1893 alijaribu injini yake ya kwanza huko Augsburg. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kwa kishindo, hata chombo cha kupimia kikapasuka, naye akaponea chupuchupu. Hakukata tamaa. Akatengeneza tena na tena kwa muda wa miaka minne. Mwezi wa Februari 1897 injini ilipimwa mbele ya wataalamu, ikaonekana kwamba katika sehemu 100 za joto, 26 ziligeuka kuwa kazi. Sifa zake zikaenea pote.

Mwaka 1900 yalifanyika maonyesho makubwa Paris. Huko injini ndogo ya namna ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, nayo ikafanya kazi vizuri, wala haikubadilishwa kitu. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa kuwa karanga huota kwa wingi katika Afrika. Baadaye Diesel naye akafanya majaribio ya namna hiyo. Mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea, ijapokuwa yalidharauliwa siku zile, huenda yakawa na maana kubwa siku zijazo. Na kwamba hata hazina za ardhini zikiisha, nguvu itaweza kupatikana katika jua, ambalo hukuza mimea.

Hakuishi kuyaona hayo. Mali yake ilikuwa imepotea, na madeni yalimlemea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa katika meli iendayo Uingereza. Asubuhi hakuonekana, na siku chache baadaye maiti yake ikaonekana baharini. Jinsi alivyokufa haijulikani mpaka leo.

Ulimwengu ulichukua injini yake ukaliacha shauri lake, kwa maana mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi. Moshi wake umedhuru mapafu ya watu wengi na kuongeza joto la dunia. Siku hizi wataalamu wamelirudia shauri lile. Mafuta ya mimea ni mazito na huweza kuziba injini, kwa hiyo huchanganywa na spiriti na dawa nyingine mpaka yawe mepesi. Lakini inafaa kuangalia, kwa maana kibanja kinacholisha watu hakifai kugeuzwa shamba la kulisha injini. Nayo elimu ya baridi aliyofundisha Linde imepata nguvu mpya: katika zahanati nyingi za Afrika zilizo mbali na umeme, majokofu ya chanjo huendeshwa kwa mwanga wa jua.

Hivyo kazi ya Diesel imetimia nusu tu. Injini yake imefika mpaka Maruku; mafuta aliyoyatumainia bado yangojea mafundi wengine.