Rumanyika: Mfalme wa ng'ombe aliyeachia hifadhi jina lake

Jina la Rumanyika si geni kwa wakazi wa Kamuli, wilayani Kyerwa, na wenzao wa Karagwe, mkoani Kagera. Ndilo jina la pori la akiba ambalo mwaka 2019 lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Hata hivyo, mwenye jina alikuwa mfugaji na mfanyabiashara, na maisha yake yanaonyesha jinsi mali ya nchi inavyosimama juu ya malisho, maji na amani.

Rumanyika Orugundu, wa ukoo wa Bahinda, alitawala Karagwe kuanzia katikati ya karne ya 19, baada ya kifo cha baba yake, Ndagara. Aligombea kiti na ndugu yake Rogero, akashinda kwa msaada wa wafanyabiashara waliotoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Makao yake yalikuwa Bweranyange.

Wafanyabiashara hao walikuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Walileta nguo na shanga, wakaondoka na pembe za ndovu. Mwingereza John Speke alipofika Novemba 1861 akitafuta chanzo cha mto Nile, Rumanyika hakumtoza hongo, tofauti na watawala wengine njiani. Mwenzake, James Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alikaa hapo hadi Aprili 1862. Kwa njia hiyo Karagwe ikajulikana kuwa nchi salama kwa misafara.

Lakini nguzo kuu ilikuwa ng'ombe. Milima ilikuwa na nyasi, na mabondeni kulikuwa na maji ya kunyweshea mifugo. Maziwa yalipatikana kwa wingi kiasi kwamba wake wa nyumba ya kifalme walinyweshwa hadi wakashindwa kusimama kwa unene.

Mwaka 1876 alifika Henry Stanley. Rumanyika alimruhusu kupita kwa mashua katika mto Kagera, na kwenda kuona maji moto ya Mtagata, ambako wagonjwa walikuwa wakienda kuoga.

Rumanyika alifariki miaka michache baadaye. Warithi wake waligombana na damu ikamwagika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukaingia ugonjwa wa sotoka, ukaua sehemu kubwa ya ng'ombe. Malisho yaliyokosa mifugo na watu yakageuka vichaka. Wanyamapori wakaongezeka, na mbung'o wakafuata, hivyo kurudisha ng'ombe kukawa kazi ngumu. Baadaye serikali ilitenga sehemu ya ardhi hiyo kuwa mapori ya akiba ya Rumanyika na Ibanda.

Leo hali imegeuka. Watu na mifugo wameongezeka, na ardhi ndiyo inayopungua. Vijito vya milima hiyo humwaga maji katika Kagera, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Mkulima anayefyeka hadi ukingoni mwa kijito hujikausha mwenyewe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Ng'ombe wa Rumanyika walikwisha katika muda mfupi. Kilichobaki hadi leo ni milima ile ile na maji yake, na ndiyo mtaji wa mkulima wa Kamuli.