Hippocrates na Kiwiko cha Mtoto

Yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, katika kisiwa cha Kos nchini Ugiriki, alizaliwa mtoto aliyeitwa Hippocrates. Baba yake alikuwa tabibu, naye akajifunza kazi hiyo hiyo.

Zamani hizo watu wengi waliamini kwamba magonjwa huletwa na miungu. Wagonjwa walikwenda kulala hekaluni wakingojea kuponywa. Hippocrates na wanafunzi wake walimtazama mgonjwa, wakampapasa, wakamwuliza maswali. Waliyoyaona yaliandikwa katika vitabu vyenye jina lake, ingawa si vyote alivyoviandika mwenyewe.

Sasa shika kiwiko chako, kisha ukunje mkono na kuunyosha. Hapo hukutana mifupa mitatu: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya mkono wa chini. Ni nadra sana mtoto kuzaliwa kiungo hicho kikiwa kimeteguka. Hata hivyo, mojawapo ya vitabu vile chaeleza yatokeayo mtoto huyo akuapo. Mifupa iliyo chini ya kiwiko hubaki mifupi: zaidi ile ya mkono wa chini, kisha ya kiganja, kisha ya vidole. Mkono wa juu na bega huwa na nguvu kuliko sehemu hizo. Mkono wa pili nao huzidi kuwa na nguvu, kwani ndio ufanyao kazi nyingi. Ona jinsi walivyochunguza hata vidole!

Lakini ndani ya mwili hawakuweza kuona. Leo twajua kuwa mtoto akiwa tumboni, mifupa miwili ya mkono wa chini huanza ikiwa gegedu moja, kisha hutengana. Isipotengana karibu na kiwiko, mtoto hushindwa kugeuza kiganja chake juu ili apokee kitu. Mtoto akikua kidogo, daktari huiona mifupa hiyo iliyoshikana kwa picha ya eksirei.

Vitabu hivyo vyaeleza pia habari za watu walioteguka bega tangu kuzaliwa. Mkono wao ulibaki mfupi, lakini walikata mbao kwa msumeno, walitoboa kwa keekee, hata walilima, mradi wasiinue kiwiko juu sana.

Yasemekana Hippocrates alifariki akiwa mzee sana katika mji wa Larissa, yapata mwaka 370 kabla ya Kristo.