Clark Mills: Fundi wa Florida aliyeunda mashua ya watoto wa dunia

UKIPITA ufukwe wa Msasani, Dar es Salaam, siku ya mashindano ya klabu ya mashua, huenda ukaona vimashua vidogo vyenye tanga jeupe la pembe nne, kila kimoja kikiongozwa na mtoto mmoja. Kwa mbali vinafanana na beseni la kufulia, kwani omo yake haikuchongoka kama ya ngalawa bali imekatwa butu. Waliorejea kutoka Ulaya huenda watoto wao walijifunzia kwenye vimashua hivyo hivyo. Vinaitwa Optimist, na aliyevibuni ni fundi mmoja Mmarekani, Clark Mills, ambaye wengi wanaotumia kazi yake hawajapata kulisikia jina lake.

Mills alizaliwa mwaka 1915. Makazi yake na karakana yake vilikuwa Clearwater, mji wa pwani katika jimbo la Florida. Hakuwa tajiri wala mtu wa klabu za kifahari. Alikuwa fundi mashua, mtu wa randa na msumeno, aliyeishi kwa kile alichokiunda kwa mikono yake.

Mwaka 1947 katika mji huo kulikuwa na klabu ya wafanyabiashara na watu wa kazi mbalimbali iliyoitwa Optimist, iliyokuwa ikisaidia vijana. Watoto wa Marekani wakati huo walikuwa na mchezo wa kuunda vigari vya mbao na kushindana kuteremka navyo mlimani. Meja Clifford McKay aliona kuwa mji wao umezungukwa na bahari, hivyo ni afadhali watoto wapewe mashua. Alimfuata Mills akiwa na masharti mawili: gharama isizidi Dola 50 za Marekani, na mashua iweze kuundwa na mtoto akisaidiana na baba yake nyumbani.

Hapo ndipo ufundi wa Mills ulipoonekana. Plaiwudi ziliuzwa kwa vipande vya futi nane kwa nne, naye akaamua mashua nzima itoke katika vipande viwili. Kuchonga omo yenye ncha kungehitaji ubao mrefu zaidi, na bei ingepanda. Akaikata omo, ikabaki butu. Urefu wake ni mita 2.36 tu. Mills aliuacha mchoro huo kwa klabu bila kudai malipo kwa kila mashua itakayoundwa. Wenye maduka wa Clearwater walijitolea, kila mmoja akilipia mashua na kuandikwa jina la biashara yake ubavuni. Wafanyabiashara wenzetu wataelewa kwamba hilo lilikuwa pia tangazo la bei nafuu.

Katika miaka ya 1950, Axel Damgaard, raia wa Denmark, aliiona mashua hiyo Marekani, akaipeleka kwao na kuifanyia marekebisho madogo. Kutoka Denmark ilisambaa nchi za jirani, na Waingereza nao wakaipokea. Mwaka 1965 kikaundwa chama cha kimataifa cha kuisimamia, kinachojulikana kwa kifupi kama IODA.

Je, mashua ya mtoto inahitaji chama cha kimataifa cha nini? Jibu wanalo wanaouza mazao mpakani. Gunia ni gunia, lakini mmoja analeta lililofungwa sawasawa na mwingine analeta lumbesa, na hapo ugomvi huanza. Katika mashindano ya mashua za aina moja, kinachotakiwa kushinda ni akili ya nahodha na namna anavyousoma upepo. Mashua ya mmoja ikiwa nyepesi kwa kilo mbili, ushindi unakuwa wa mfuko wa mzazi.

Na hivyo ndivyo ilivyoanza kuwa. Kanuni za awali ziliruhusu tofauti ndogo za vipimo, kwa sababu mashua ilikusudiwa kuundwa nyumbani. Baadaye viwanda vikaingia na faibaglasi ikachukua nafasi ya mbao. Waundaji wajanja walizitafuta tofauti hizo na kuzigeuza kuwa kasi, na waliokuwa na fedha wakakimbilia mashua iliyosemekana kuwa na mbio.

Mwaka 1995 chama kilikaza kamba. Kanuni mpya zilitaka mashua zitolewe katika kalibu zilizokaguliwa, na waundaji wawe na kibali. Kila mashua hubandikwa kibao chenye namba, na muundaji hukilipia ada. Mpimaji huikagua kabla ya kupewa cheti. Uzito wa bodi usipungue kilo 35, na ikipungua hufungwa vipande vya uzito hadi itimie. Tanga hubeba herufi tatu za nchi, TAN kwa Tanzania, KEN kwa Kenya na UGA kwa Uganda. Mabadiliko ya kanuni hujadiliwa na wawakilishi wa nchi wanachama katika mkutano mkuu, kisha hupelekwa kwa shirikisho la mchezo huo duniani kuidhinishwa.

Mashindano ya dunia nayo yana masharti yake. Hata nchi yenye maelfu ya mashua haiwezi kupeleka zaidi ya watoto watano, na mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 15 ndio wake wa mwisho. Pengine hapo ndipo chama kilipofanya vizuri zaidi, kwa sababu nchi ndogo inasimama mstari mmoja na kubwa.

Hata hivyo, jambo moja linauma. Usawa ulipatikana, lakini baba na mtoto waliokuwa wakiranda ubao uani walipotea katika safari hiyo. Mashua ya mashindano sasa hununuliwa kiwandani kwa maelfu ya dola, mbali na zile 50 za McKay. Mashua zilizosajiliwa tangu mwanzo zimezidi 150,000, na mabingwa wengi wa Olimpiki walianzia humo.

Mills mwenyewe aliendelea na karakana yake. Mwaka 1953 alichora Windmill, mashua ya vijana waliokuwa wameizidi Optimist kwa umri, na katika miaka ya 1970 akachora Com-Pac 16, mashua ndogo yenye chumba cha kulala. Alifariki dunia Desemba 2001. Optimist bado ina omo butu aliyoikata kwa ajili ya ubao wa futi nane, ingawa faibaglasi haina mpaka huo.