Lavoisier, mtu aliyepima kinachoingia na kinachotoka motoni

Ukijaza jiko mkaa jioni, asubuhi unakuta majivu kidogo tu. Mkaa umekwenda wapi? Wengi wetu tunajibu kwamba umeisha. Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuridhika na jibu hilo. Kazi yake ndiyo msingi wa somo la kemia ambalo watoto wetu wanasoma sekondari hapa Tarime na Serengeti, na inawahusu pia ndugu zetu walioko machimboni.

Antoine Lavoisier alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akasomea sheria mpaka akahitimu. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwenye sayansi. Mwaka 1768, akiwa hajatimiza miaka 25, alipokelewa katika Chuo cha Sayansi cha Kifalme, baraza la wanasayansi wakubwa wa nchi. Mwaka huohuo alinunua hisa katika kampuni binafsi iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Fedha za kampuni hiyo zilimwezesha kununua mizani bora kuliko za wenzake. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mwenzake katika kampuni hiyo. Msichana alikuwa na miaka 13, umri ambao sisi kwenye vipindi vyetu tunasema kila siku kuwa ni wa shule, si wa ndoa. Marie-Anne alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mume wake maandishi ya wataalamu wa Uingereza. Alichora vifaa vya maabara na kuandika matokeo ya majaribio. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu maabara ile kimetokana na mkono wake.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba kitu kikiungua, kuna kitu ndani yake kinachotoka na kwenda zake. Lavoisier akaanza kupima. Mwaka 1772 alichoma salfa na fosforasi, akaona kilichobaki ni kizito kuliko alichoanza nacho. Kama kuungua ni kupoteza kitu, uzito umeongezekaje?

Jibu alilipata kwa kutumia zebaki, ileile wanayoijua wachimbaji wetu. Aliipasha moto siku 12 katika chombo ambacho hewa yake haikuweza kutoka wala kuongezeka. Juu ya zebaki ukatokea unga mwekundu, na hewa ya ndani ikapungua. Mshumaa ulizimika katika hewa iliyobaki. Kisha akauchukua ule unga, akauchoma kwa moto mkali zaidi. Zebaki ikarudi, ikatoka na gesi ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu. Mwingereza Joseph Priestley alikuwa ameshaipata gesi hiyo mwaka 1774 na kumsimulia Lavoisier alipotembelea Paris. Lakini Lavoisier ndiye aliyeeleza kazi yake, akaipa jina la oksijeni. Kuungua ni kuungana na oksijeni iliyomo hewani.

Hapo ndipo penye somo la mtoto wako. Katika mlinganyo wa kemia, upande wa kushoto huandikwa vitu vinavyoingia, yaani vitendanishi. Upande wa kulia huandikwa vinavyotoka, yaani mazao. Katikati kuna mshale. Kwa mkaa tunaandika hivi: kaboni + oksijeni → kaboni dayoksaidi. Kilo 3 za kaboni safi huchukua kilo 8 za oksijeni, na zao lake ni kilo 11 za gesi. Hakuna hata gramu iliyopotea. Majivu ni ule uchafu wa mkaa usioungua. Kilichobaki kimepaa nawe hukukiona. Na oksijeni ikiwa haba, kama kwenye chumba kilichofungwa, zao hubadilika: inatoka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Lavoisier aliweka kanuni hiyo katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789: kiasi cha vitu kabla ya tendo ni sawa na kiasi baada yake. Mfano alioutumia ni uchachukaji wa kinywaji, jambo ambalo wapika pombe wa kwetu wanalifahamu. Sukari inaingia, kilevi na gesi ya povu vinatoka, na uzito wa pande zote mbili unalingana.

Mwaka huohuo mapinduzi yalianza Ufaransa. Wananchi walikuwa na uchungu na wakusanya kodi, na kazi ya maabara haikumwokoa. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa pamoja na wenzake wa kampuni, akiwemo baba mkwe wake. Alikuwa na miaka 50. Marie-Anne alinusurika, akakusanya maandishi ya mume wake na kuyachapisha.

Sasa turudi nyumbani. Kwenye machimbo madogo, mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha hulichoma donge. Dhahabu inabaki, zebaki inaonekana kama imeisha. Haijaisha. Hapa hata kitu kipya hakikutengenezwa: zebaki imegeuka mvuke tu, nayo bado ni zebaki. Gramu iliyoingia motoni imetoka. Swali ni imekwenda wapi. Sehemu inaingia kwenye mapafu ya anayechoma, na ya mama na mtoto walio karibu. Sehemu inapoa na kutua kwenye paa, udongo na maji. Mvua inaisomba hadi mitoni, na Mto Mara unapeleka maji yake Ziwa Victoria. Majini, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya ndani ya samaki, na inayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Njia ya kupunguza madhara inafanana na kazi ya Lavoisier: funga chombo. Kuna vifaa vya kuchomea vyenye mfuniko na bomba linalopoza mvuke, zebaki ikarudi majimaji na kukusanywa. Mchimbaji anajikinga, na zebaki aliyoinunua kwa fedha yake anaipata tena. Asiye na kifaa hicho, asichomee ndani ya nyumba wala kwenye sufuria ya kupikia, na watoto na wajawazito wakae mbali kabisa na moshi.